Upasuaji wa kizazi Kigoma: kisu kizuri, karatasi pungufu

Mwanamke wa Kasulu au Ujiji anayeambiwa "mama, hapa itabidi tutoe kizazi" huuliza mambo matatu: nitapona, itanigharimu kiasi gani, na nitarudi lini shambani. Majibu ya hayo huyapata. La nne haliulizwi na upande wowote wa meza: ovari, yaani vifuko vya mayai, zinabaki au zinaondoka, na kwa umri wangu hilo litafanya nini kichwani, kwenye kumbukumbu? Tathmini hii inaipitia huduma nzima ya upasuaji wa viungo vya uzazi kama mgonjwa wa Kigoma anavyoipata, kuanzia chumba cha daktari hadi miezi sita baada ya kutoka wodini, na tumeipima zaidi kwa hilo la nne. Kasoro tutakazozitaja si za jengo fulani. Ni za huduma yenyewe ilivyozoeleka, na msomaji ataamua zipi zipo pale anapotibiwa.

Kisu kwanza, maana ndicho kinachoogopwa kuliko vyote na ndicho kisichostahili hofu hiyo. Upasuaji wa tumbo la chini hufanyika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, kwenye hospitali za wilaya, na kwenye za mashirika ya dini kama Kabanga, Heri na ile ya Baptisti mjini. Mkoa huu una jina kwenye vitabu vya uzazi duniani: kati ya 1984 na 1991 hospitali ya mkoa, chini ya juhudi za Dkt. Godfrey Mbaruku, ilishusha vifo vya uzazi kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000, kwa hatua 22 ambazo nyingi zilihitaji utaratibu kuliko pesa. Na utafiti uliotoka 2009, uliolinganisha upasuaji wa dharura wa uzazi katika hospitali za Mwanza na Kigoma, haukukuta tofauti ya maana kati ya mikono ya madaktari wasaidizi, wale tunaowaita AMO, na ya madaktari wenye shahada. Kwa hiyo anayesikia "atakupasua AMO" na kuanza kutafuta nauli ya Mwanza kwa sababu hiyo peke yake anapoteza nauli. Kisu tunakipa alama 4 kati ya 5.

Alama iliyopotea ni ya maandalizi, hasa damu. Wengi wanaotolewa kizazi kwa uvimbe, yaani fibroidi, wametoka damu miezi mingi na wanafika wakiwa na upungufu mkubwa. Upasuaji usio wa dharura unaweza kusubiri wiki sita. Kidonge kimoja kwa siku chenye miligramu 60 hadi 65 za chuma hupandisha kiwango cha damu takribani gramu 1 kwa desilita ndani ya wiki mbili hadi nne, kikinywewa mbali na chai. Wakati huo, traneksamiki asidi gramu 1 mara tatu kwa siku, siku za damu nyingi tu na zisizozidi tano, hupunguza kinachomwagika, mradi mgonjwa hana historia ya damu kuganda kwenye mishipa. Tumelitaja hili kwa sababu ya kichwa pia. Upungufu wa damu peke yake huleta kusahau, kizunguzungu na uzito wa kufikiri. Asiyejua kiwango chake cha damu kabla ya upasuaji hatajua baadaye kama usahaulifu umeletwa na kisu au ulikuwepo tangu mwanzo.

Sasa viungo. Kizazi, mirija na ovari ni vitu vitatu, na kila kimoja kinaweza kutolewa bila kingine. Kizazi hubeba mimba na kutoa hedhi. Si kiwanda cha estrojeni, homoni kuu ya kike. Mirija hupitisha yai, na kuiondoa hakujulikani kupunguza homoni kwa kiasi cha kusumbua (huku kukipunguza uwezekano wa saratani ya ovari, ndiyo maana wapasuaji wengi siku hizi huitoa pamoja na kizazi). Ovari ndizo zinazotengeneza estrojeni na projesteroni, na hata hedhi ikishakoma huendelea kutoa kiasi cha homoni za kiume ambazo mwili huzigeuza kuwa estrojeni. Kwa hiyo mtu anayesema "nilitolewa kizazi" bado hajatuambia lolote kuhusu ubongo wake. Tunahitaji kujua ovari.

Estrojeni haifanyi kazi tumboni tu. Sehemu ya ubongo inayoitwa hipokampasi, ambayo huhifadhi mambo mapya kabla hayajakaa, imejaa vipokeo vyake. Mwaka 1990 Catherine Woolley, Bruce McEwen na wenzao walionyesha kwa panya kwamba ukitoa ovari, vichomozi vidogo vya kupokea ujumbe kwenye seli za hipokampasi hupungua ndani ya siku chache, na ukirudisha estradioli vinarudi. Kwa binadamu, Barbara Sherwin wa Montreal, Kanada, aliwapima wanawake kabla na baada ya kutolewa kizazi na ovari, katika kazi zilizotoka 1988 na 1992. Waliopewa estrojeni baada ya upasuaji walibaki na kumbukumbu yao ya maneno. Waliopewa dawa tupu, isiyo na homoni, walishuka, hasa kwenye kujifunza jozi za maneno. Kinachoguswa mapema si akili yote; ni maneno, majina, na kushikilia jambo moja kichwani huku ukifanya jingine. Mama wa dagaa Kibirizi anayejua kwa kichwa nani anadaiwa kiasi gani na ndoo ngapi zimeshapakiwa ataliona tatizo kabla ya daktari kuliona.

Ukomo wa hedhi wa kawaida huja taratibu kwa miaka kadhaa, mara nyingi kati ya 45 na 55. Ukomo wa kisu huja siku moja. Tofauti hiyo, pamoja na umri ambao inatokea, ndiyo kiini cha tafiti zilizofuata. Kubwa kati yao ni ya Mayo Clinic, jimbo la Minnesota, Marekani, iliyoongozwa na Walter Rocca na kutoka 2007. Iliwafuatilia wanawake 813 waliotolewa ovari moja na 676 waliotolewa zote mbili kabla ya ukomo wa hedhi, ikawalinganisha na 1,472 ambao hawakutolewa. Waliotolewa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kudhoofika akili au kupata ugonjwa wa kusahau uzeeni, kwa uwiano wa 1.46. Kadiri upasuaji ulivyofanyika katika umri mdogo, ndivyo uwezekano ulivyopanda. Tafsiri ya uwiano huo ni muhimu, maana watu husikia namba na kukimbia: kama katika wanawake 100 wa kundi fulani 10 wangepata tatizo hilo, kwa waliotolewa ovari wangekuwa kama 14 au 15. Si hukumu kwa kila mtu, ila si jambo la kutomwambia mtu.

Mwaka 2014 Riley Bove na wenzake walipitia kumbukumbu za wanawake 1,884 waliokuwa wakipimwa akili kila mwaka. Umri mdogo wakati wa ukomo wa kisu uliendana na kushuka haraka zaidi kwa kumbukumbu, na kwa waliofariki na ubongo wao kuchunguzwa, na madoa mengi zaidi ya ugonjwa wa Alzheimer. Kwa ukomo wa kawaida hawakuona uhusiano huo. Waliotumia homoni ndani ya miaka mitano ya ukomo, na kwa angalau miaka kumi, walishuka polepole zaidi. Hizi zote ni tafiti za kufuatilia watu. Hakuna aliyepigiwa kura nani apasuliwe na nani asipasuliwe, na wanaopasuliwa mapema wanaweza kuwa na tofauti nyingine za kiafya. Hata hivyo, panya, vipimo vya Sherwin na tafiti hizi mbili zinaelekea upande mmoja, na hilo halitokei ovyo.

Je, aliyetolewa kizazi tu, ovari zikabaki? Hapa ndipo huduma inapojiamini kupita kiasi. "Ovari zako tumekuachia, huna shida" ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini utafiti wa North Carolina uliotoka 2011, uliowafuata wanawake wa miaka 30 hadi 47, ulikuta kwamba kufikia mwaka wa nne ovari zilikuwa zimeacha kazi kwa asilimia 14.8 ya waliotolewa kizazi, dhidi ya asilimia 8.0 ya wenzao. Maelezo yanayotajwa zaidi ni ya bomba: ovari hupata sehemu ya damu yake kupitia tawi la mshipa wa kizazi, na mshipa huo hufungwa wakati wa upasuaji. Denmark, kwenye rejista ya wanawake zaidi ya milioni mbili, watafiti walikuta mwaka 2010 kwamba hata kutolewa kizazi peke yake kabla ya ukomo kuliendana na ongezeko la ugonjwa wa kusahau unaoanza mapema, kabla ya miaka 50, na ongezeko lilikuwa kubwa zaidi pale ovari nazo zilipotoka. Ugonjwa huo katika umri huo ni wa nadra sana, kwa hiyo ongezeko kubwa la kitu kidogo bado ni kidogo. Na Arizona, maabara ya Heather Bimonte-Nelson ilitoa panya kizazi na kuacha ovari. Kwenye majaribio ya njia za maji panya hao walishindwa kushikilia mambo mengi kwa wakati mmoja kuliko wengine wote, wakiwemo waliotolewa ovari. Panya si mama wa Kibondo, na walipimwa muda mfupi baada ya upasuaji. Ila mtu asiseme tena kwamba kizazi bila mimba ni mfuko tu.

Umri, basi. Kwa msichana, hali inayoleta kisu mara nyingi ni ovari iliyojinyonga, yaani kujisokota, kwa sababu ya uvimbe wa maji. Mpasuaji akifungua hukuta kitu cheusi-buluu na mkono humwasha kukikata. Sivyo: ovari iliyonyongolewa, yaani kusokotolewa, hata ikiwa na rangi hiyo, mara nyingi hufufuka, na uvimbe wa maji unaweza kutolewa huku ovari ikibaki. Mzazi anaweza kulisema hili kabla ya mlango kufungwa: "Daktari, ikiwezekana inyongoeni, msiitoe." Ikibidi itoke, iliyobaki hubeba kazi, na ukomo huja wastani wa kama mwaka mmoja mapema. Mimba iliyotunga kwenye mrija hudai mrija, haidai ovari.

Kuanzia miaka 20 hadi 40, Kigoma ni mkoa wa uzazi mwingi, na kizazi hutolewa zaidi kwa dharura: kimepasuka, au damu baada ya kujifungua imegoma kukatika baada ya dawa na puto la kuibana ndani ya kizazi. Hapo hakuna mjadala, maisha kwanza, na ovari kwa kawaida huachwa kwa sababu hazina hatia. Kinachokosekana ni maelezo siku ya tatu au ya nne, mama akiwa ametulia. Wapo wanaoondoka wakijua "hedhi haitarudi" na wasijue kwa nini, kisha kila joto na kila usahaulifu wanauhesabia huko.

Umri wa miaka 40 hadi 50 ndio wenye utata na ndio wenye upasuaji mwingi wa kupangwa. Sentensi hatari ni "kwa vile tutakuwa ndani, tutatoa na ovari, hazina kazi tena." Kwa mama wa miaka 43 zina kazi ya miaka kadhaa. Bila saratani, bila historia ya kifamilia ya saratani ya matiti au ovari, bila uvimbe wa kutilia shaka, hakuna sababu ya kuzitoa, na ubongo siyo pekee utakaolipa: mifupa na moyo navyo hudai. Tukiri upande wa pili. Mwenye historia nzito ya kifamilia, au ovari yenye uvimbe mgumu unaokua, anazitoa, na faida inashinda hasara waziwazi. Baada ya miaka 50 hivi hesabu hulegea, na kwa aliyekwisha acha hedhi miaka kadhaa, kutoa ovari hakujaonyesha mzigo uleule wa kumbukumbu.

Fomu ya idhini tunaipa alama 2. Nyingi huwa na mstari mmoja wa jina la upasuaji, na mstari huo hujazwa "TAH" (kifupi cha Kiingereza cha kutoa kizazi chote kupitia tumbo) au "upasuaji wa kizazi" kisha kidole gumba. Mgonjwa ana haki ya kuandikiwa, kabla ya kusaini, mambo haya kwa Kiswahili: kizazi chote au sehemu, shingo inabaki au inatoka, mirija, ovari ya kulia, ovari ya kushoto. Mwenye ovari nzima anaweza kuongeza kwa mkono: "Ovari zisitolewe isipokuwa zikikutwa na ugonjwa." Daktari mzuri hachukizwi na mstari huo. Idhini ni ya mgonjwa mwenyewe. Mume au shemeji anashuhudia, hamalizi mambo kwa niaba yake. Na aulize kama kuna njia isiyo ya kutoa: uvimbe mmoja unaweza kung'olewa na kizazi kikabaki, na damu nyingi isiyo na uvimbe mkubwa mara nyingi hutulizwa na kitanzi chenye homoni.

Chumba cha upasuaji chenyewe hakina mengi ya kusema. Upasuaji wa tumbo huchukua saa moja hadi mbili. Ganzi ya sindano ya mgongo inatosha kwa nyingi. Palipotumika ketamini, dawa ya usingizi, mgonjwa anaweza kuamka akiona vitu au akiongea maneno yasiyoeleweka, na ndugu wakaanza kusema amerogwa. Hali hiyo huisha ndani ya saa chache, chumba kikiwa kimya na mtu anayemfahamu akiwa karibu. Mzee wa zaidi ya miaka 65 anaweza kuchanganyikiwa siku mbili au tatu baada ya upasuaji wowote. Miwani yake arudishiwe, anywe maji, usiku taa zipunguzwe, na maumivu yatibiwe. Huko ni kuchanganyikiwa kwa muda, si ugonjwa wa kusahau, ingawa aliyekuwa ameanza kusahau huwa hatarini zaidi.

Wodini na wiki za kwanza nyumbani ndipo tulipoiona huduma ikiteleza vibaya, na kwa Kigoma kuna sababu: malaria. Aliyetolewa ovari zote mbili kabla ya ukomo huanza mawimbi ya joto ndani ya siku chache. Joto hupanda kutoka kifuani kwenda shingoni na usoni, jasho linamwagika, moyo unaenda mbio, dakika moja hadi tano, kisha baridi. Usiku shuka hulowa. Anarudi zahanati, anapimwa kipimo cha haraka cha malaria, kinasoma ndiyo, anapewa dawa, anarudi wiki ya pili hivyohivyo, safari hii anaambiwa taifodi. Kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kusoma ndiyo kwa wiki kadhaa baada ya malaria kupona, kwa hiyo palipo na shaka hadubini ndiyo ya kuamua. Kabla ya hapo, pimajoto. Wimbi la homoni halipandishi joto la mwili kuwa homa. Kwapani husoma kawaida. Likisoma 38 au zaidi, hilo si wimbi, hasa siku kumi za mwanzo: ni kidonda, mkojo, usaha wa ndani au malaria ya kweli, na arudi hospitali siku hiyohiyo. Tumelikalia suala hili kwa sababu usingizi unaokatwa mara sita kwa usiku hufuta kumbukumbu bila msaada wa kitu kingine chochote, na mgonjwa anayezungushwa miezi mitatu kwa malaria isiyokuwepo anapoteza miezi mitatu ya kipindi kizuri cha kuanza homoni.

Kuhusu homoni, huduma mkoani tunaipa alama 1, na hiyo ni ya kuwepo kwa madaktari wanaojua wakiulizwa. Mwanamke aliyetolewa ovari zote kabla ya miaka 45, bila kizuizi, anapaswa kupewa estrojeni mapema, ikibidi kabla hajatoka wodini, na kuendelea hadi umri wa ukomo wa kawaida, yaani karibu miaka 50 au 51. Vizuizi ni saratani ya matiti, damu iliyowahi kuganda kwenye mishipa, kiharusi, ini bovu, na damu ya ukeni isiyojulikana chanzo. Kipimo huamuliwa na daktari. Cha kawaida kwa umri huo ni estradioli miligramu 2 za kumeza kwa siku, au kibandiko cha ngozi cha mikrogramu 100, ambacho kina hatari ndogo zaidi ya kugandisha damu. Aliyetolewa kizazi chote hahitaji projesteroni. Aliyeachiwa shingo ya kizazi anaweza kuihitaji, kwa kuwa mabaki ya ukuta wa ndani huweza kukua kwa estrojeni peke yake; na huyo aendelee pia na uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi kama kawaida.

Usitegemee kupata dawa hizi duka la dawa muhimu. Ulizia famasi kubwa mjini kabla ya siku ya upasuaji, ujue kama wanaagiza na huchukua muda gani. Zikikosekana, kwa mwanamke kijana asiye na vizuizi daktari anaweza kuamua vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, vinavyopatikana kliniki za uzazi wa mpango. Si bora kama estradioli, ila ni bora kuliko utupu. Pakiti ina vidonge 21 vya homoni na 7 vya madini ya chuma, na wiki ya vile 7 mawimbi hurudi. Muulize daktari kama uruke moja kwa moja kwenye pakiti nyingine. Presha inayofika 140 kwa 90, kipandauso chenye kuona vimulimuli, au sigara baada ya miaka 35 hufunga mlango huo. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu haina estrojeni na hairudishi kilichotolewa. Dawa za "kusafisha kizazi" sokoni hazichukui nafasi hiyo.

Wapo watakaosema homoni huharibu akili, na hawajatunga. Mwaka 2003 utafiti mkubwa wa Marekani ulikuta kwamba wanawake wa miaka 65 na kuendelea walioanzishiwa estrojeni na projestini walipata ugonjwa wa kusahau 45 kwa kila 10,000 kwa mwaka, dhidi ya 22 kwa waliopewa dawa tupu. Hao walianza wakiwa wazee. Matokeo yao hayamhusu mama wa miaka 39 aliyepoteza ovari wiki iliyopita, na kumnyima kwa hofu hiyo ni kosa tunaloliona likirudiwa. Kinyume chake, bibi wa miaka 68 asianzishiwe homoni kwa ajili ya kumbukumbu.

Kipimo cha kumbukumbu hakimo kabisa kwenye huduma, na hakihitaji mashine. Siku kadhaa kabla ya upasuaji, mtu asiye na maumivu makali asomewe maneno kumi, moja kila sekunde mbili: mkono, kahawa, jembe, mvua, kiti, samaki, kanga, daraja, ndizi, barua. Ayarudie anayoyakumbuka. Asomewe tena mara mbili. Dakika ishirini zikipita kwa mazungumzo mengine, aulizwe bila kusaidiwa, na idadi iandikwe kwenye daftari la kliniki. Kisha ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Wiki ya sita na mwezi wa sita arudie, kila mara kwa maneno mapya, kwa mfano: goti, chai, shoka, upepo, meza, mbuzi, kofia, kisima, muhogo, pete. Orodha ileile ikirudiwa atakuwa ameikariri. Kama lugha yake ya nyumbani ni Kiha, apimwe kwa Kiha, la sivyo mtakuwa mmepima Kiswahili chake. Wiki ya kwanza baada ya kisu haipimwi, dawa za maumivu zitadanganya. Kwa wazee, kipimo cha IDEA kilichotengenezwa kutokana na kazi ya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kina maswali sita, likiwemo la kupanga njiti za kiberiti, na hakimbagui asiyesoma.

Namba zikishuka wazi, kabla ya kulaumu ovari apimwe damu, tezi ya shingo, sukari, VVU, na aulizwe usingizi na huzuni. Hivyo vinatibika, na mara nyingi ndivyo vyenye kesi.

Wanaume tuwapitie haraka. Kutolewa korodani zote mbili ni tiba ya saratani ya tezi dume iliyosambaa, na ni nafuu kuliko sindano za kushusha homoni za kila miezi mitatu. Testosteroni, homoni ya kiume, huanguka ndani ya saa chache, mawimbi ya joto huja, mifupa hulainika, damu hupungua. Kuhusu kumbukumbu, tafiti zinapingana, na wagonjwa wengi ni wa miaka 70 ambao kumbukumbu ina sababu nyingine nyingi za kushuka. Kwa saratani hiyo tiba haiahirishwi. Kijana aliyepoteza korodani moja kwa sababu ilijisokota hana la kuhofia kichwani, moja inatosha; ila maumivu ya ghafla ya korodani yafike hospitali ndani ya saa sita.

Karatasi ya kutokea wodini tunaipa alama 2. Iandikwe viungo vilivyotolewa kimoja kimoja, umri siku hiyo, sababu, aina ya ganzi, homoni iliyoanzishwa au sababu ya kutoanzishwa, na tarehe ya kurudi kuchukua majibu ya kinyama, kile kipande kilichopelekwa maabara. Majibu hayo yafuatwe hata kama kidonda kimepona vizuri. Mgonjwa aipige picha karatasi hiyo kwa simu kabla mvua za masika hazijaipata. Na yeyote atakayeanzishiwa dawa za TB au za kifafa huku anatumia estrojeni aionyeshe, kwa kuwa rifampisini, fenitoini na kabamazepini hulifanya ini liichome homoni haraka kabla haijamaliza kazi yake, na kipimo cha zamani hakitoshi tena.